Mbwa mpole, historia chungu: Asili ya golden retriever na gharama ya kupendwa kwake

MWEZI Julai mwaka 2023, mbwa 488 wa rangi ya dhahabu walikusanyika pamoja na wenyewe mbele ya magofu ya jumba la Guisachan, karibu na kijiji cha Tomich katika nyanda za juu za Uskoti. Jumba hilo halina paa. Limebaki kuta tu. Miaka mitano kabla ya hapo, mnamo 2018, mbwa 361 wa ukoo uo huo walikuwa wamefikishwa pale kuadhimisha miaka 150 tangu kuzaliwa kwa vilebu wa kwanza wa aina ya golden retriever.

Ziara za namna hii aghalabu hufanywa kwenye makaburi ya mawalii au ya mashujaa wa vita. Kwamba watu hufunga safari ili kumwonyesha mbwa mahali walikozaliwa mababu zake ni jambo ambalo msomaji anaweza kulicheka, lakini lina maana yake. Nchini Marekani, mbwa huyu amekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa aina zinazopendwa zaidi. Yumo katika filamu na matangazo ya biashara, katika wodi za watoto wagonjwa na ubavuni mwa vipofu. Sura yake imekuwa ndiyo sura ya mbwa mwema.

Kinachosemwa kwa nadra ni jinsi wema huo ulivyopatikana, nani aliulipia wakati huo, na ni nani anayeendelea kuulipia hadi hivi leo.

Hekaya ya sarakasi

Kwa miongo kadhaa wapenzi wa mbwa hawa waliamini hadithi moja tamu. Ilisimuliwa kwamba mnamo 1858 tajiri mmoja mwenye milki Uskoti alihudhuria sarakasi katika mji wa Brighton, kusini mwa Uingereza, akavutiwa na kundi la mbwa wa Kirusi waliokuwa wakicheza michezo ya ajabu, naye akawanunua wote. Kanali William le Poer Trench aliishikilia hadithi hiyo na kuieneza mwanzoni mwa karne ya 20, na hata wajuzi wa mambo ya mbwa wakaikariri bila kuihoji.

Hadithi hiyo ilikatika mwaka 1952. Earl wa Ilchester, ambaye jamaa zake walifuga mbwa hawa tangu mwanzo, aliandika katika jarida la Country Life akitegemea daftari la nasaba la tajiri huyo mwenyewe. Ndani yake hamkuwa na Mrusi hata mmoja. Mlikuwa na majina ya mbwa, miaka ya kuzaliwa, na maelezo ya nani alipandishwa na nani. Elma Stonex, mfugaji wa Kiingereza aliyetumia miaka mingi kuchunguza nasaba hiyo, alisaidia kuupanga ushahidi hadi ukakubalika. Kwa mtu wa chumba cha habari kisa hiki kina utamu wake: uongo uliozungushwa mdomoni na mabwana wakubwa kwa muda mrefu uliuawa na karatasi kuukuu.

Mwenye daftari alikuwa Dudley Coutts Marjoribanks, aliyezaliwa mwaka 1820 na kufariki 1894. Alitoka katika familia ya wenye benki, akawa na mali katika biashara ya kutengeneza bia, akaingia Bungeni kwa tiketi ya chama cha Liberal kuwakilisha Berwick-upon-Tweed, na mwaka 1881 akapewa cheo cha Lord Tweedmouth. Milki ya Guisachan aliinunua katika miaka ya 1850. Hakuinunua ili alime, bali ili awinde.

Mwaka 1865 alimpata Brighton mbwa dume wa manjano aitwaye Nous, neno la Kiyunani lenye maana ya akili. Wazazi wa Nous walikuwa weusi, na katika uzao wao yeye peke yake ndiye aliyetoka manjano. Hapa ndipo ilipochipuka ile hadithi ya sarakasi: Brighton ilikuwa ya kweli, Warusi ndio walioongezwa. Rangi yenyewe, ambayo bila shaka iliwashangaza watu wa zama zile, sayansi ya leo inaieleza bila taabu. Umanjano huletwa na jeni inayojificha, ambayo mbwa mweusi anaweza kuibeba maisha yake yote bila kuionyesha. Weusi wawili wanaoibeba wakikutana, baadhi ya watoto wao watazaliwa wa manjano.

Nous alipandishwa kwa Belle, jike wa aina ya Tweed water spaniel, mbwa wa maji aliyefugwa kando ya mto Tweed mpakani mwa Uskoti na Uingereza na ambaye aina yake imekwisha kutoweka duniani. Mwaka 1868 Belle alizaa vilebu wa manjano, na miongoni mwao walikuwamo Primrose, Cowslip na Crocus, majina ya maua yote matatu. Kwa miaka ishirini na zaidi Marjoribanks aliendelea kuchagua na kupandisha, akichanganya damu ya retriever weusi, ya spanieli mwingine wa Tweed na ya seta mwekundu, huku kila mara akirudi kwenye rangi ileile ya manjano. Vilebu wa mwisho wa rangi hiyo walioandikwa daftarini, Prim na Rose, walizaliwa 1889.

Mdomo mwororo

Taabu yote hii ilikuwa ya nini? Jibu limo katika bunduki. Katikati ya karne ya 19, bunduki za kushindiliwa baruti kupitia mdomoni zilianza kuzipisha zile za kutiliwa risasi kwa nyuma. Mwindaji akaweza kupiga upesi zaidi na tena na tena, na ndege wengi wakawa wanaangukia vichakani na majini asikoweza kuwafikia. Pointa na seta, mbwa waliotangulia, kazi yao ilikuwa kumwonyesha mwindaji ndege alipo. Sasa alihitajika mbwa wa kumleta ndege.

Kazi hiyo inataka tabia za pekee. Sharti mbwa akae kimya kando ya mtu bila kushtushwa na mlio wa bunduki. Sharti asiondoke hadi aamriwe, akumbuke kila mahali ndege alipoangukia, aingie maji baridi bila kusita. Na zaidi ya yote, sharti ambebe ndege mdomoni bila kumtafuna wala kumchubua, kisha amkabidhi mtu mkononi. Hebu msomaji alitafakari jambo hili: mnyama wa jamii moja na mbwa mwitu, nyama yenye damu ya moto i katikati ya meno yake, anakimbia mbio kwenda kumpa mwingine. Wafugaji huiita sifa hiyo mdomo mwororo, na hakuna lugha inayoweza kuisema vizuri zaidi.

Humo ndimo ulimo mvuto wake. Mbwa wa ulinzi huchaguliwa kwa kushuku wageni. Mbwa wa mchungaji huchaguliwa kwa kukodolea macho na kukimbiza. Huyu alichaguliwa kwa kumtazama mtu usoni na kungoja aambiwe la kufanya. Waliokosa subira, au waliomng'ang'ania ndege, hawakupewa nafasi ya kuzaa. Kile ambacho mashabiki wake wa leo hukiita upendo ni, kwa sehemu kubwa, mazoea ya kazi ambayo kazi yenyewe imekwisha kuondoka. Anapokulaki mlangoni na kiatu mdomoni, anakuletea ndege.

Ardhi iliyoachwa tupu

Uwindaji wa mabwana wale ulihitaji kitu kingine kikubwa zaidi ya mbwa, nacho ni ardhi isiyo na watu. Takwimu zilizowasilishwa mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza mnamo 1872, na baadaye kunakiliwa na Alexander Mackenzie katika kitabu chake cha mwaka 1883 kuhusu kuhamishwa kwa wenyeji wa nyanda za juu za Uskoti, zinasema kwamba mwaka 1855 milki ya Guisachan ilikuwa na wakulima 16. Walikuwa na ng'ombe 62, farasi 24 na kondoo wapatao 4,200 kwa jumla. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1870 alikuwa amesalia mkulima mmoja tu, naye alikuwa mbioni kuondoka. Baadhi yao walitawanyika ng'ambo. Wengine walitiwa katika nyumba ndogo za kupendeza alizozijenga tajiri huyo, ambamo, kwa mujibu wa walalamishi, walikaa bila mashamba.

Ni haki kusema kwamba Marjoribanks hakuwa peke yake wala hakuwa mbaya kupita wenzake. Nyanda za juu zilikuwa zikitolewa watu kwa zaidi ya karne nzima, kwanza kwa ajili ya kondoo, kisha kwa ajili ya paa na ndege wa kuwinda. Lakini tarehe zinasema kitu. Katika miaka ileile ambamo daftari la mbwa lilikuwa likijaa majina ya kina Primrose na Cowslip, orodha ya wakulima wa Guisachan ilikuwa ikifutika.

Kwa Mkenya, hata hivyo, mtu wa kutazamwa kwa makini zaidi katika nasaba hii ni wa pili. Mwaka 1908, katika maonyesho ya mbwa ya Crystal Palace jijini London, mbwa hawa wa manjano walishindanishwa hadharani na Lewis Harcourt, mwanasiasa tajiri wa chama kile kile cha Liberal aliyekuwa tayari waziri. Kabla ya hapo walikuwa mali ya familia chache zilizozawadiana vilebu kama watu wanavyozawadiana vito. Harcourt ndiye aliyewatoa nje wakaonekana.

Novemba 1910 Harcourt aliteuliwa kuwa Waziri wa Makoloni, wadhifa alioushika hadi 1915. Mji wa Port Harcourt nchini Nigeria unaitwa kwa jina lake. Ni katika kipindi chake pia ambapo makubaliano ya pili ya Wamaasai, ya mwaka 1911, yalitiwa saini, na Wamaasai wakaondolewa Laikipia na kusukumwa kusini ili walowezi wapate nafasi. Itakumbukwa kwamba makubaliano ya kwanza ya mwaka 1904 yalikuwa yameahidi kwamba maeneo waliyopewa yangekuwa yao maadamu kabila lao lingalipo. Ahadi hiyo haikutimiza hata miaka minane. Kesi iliyoongozwa na Parsaloi Ole Gilisho na wenzake ilitupiliwa mbali mwaka 1913, kwa hoja ya ajabu kwamba makubaliano yale yalikuwa mkataba kati ya dola na dola, na kwa hivyo mahakama haikuwa na uwezo wa kuyaamua. Mwaka 2004, karne moja baada ya makubaliano ya kwanza, Wamaasai walikuwa barabarani wakiidai Laikipia tena.

Mwaka uo huo wa 1911, nchini Uingereza, kiliundwa chama cha kwanza cha wafugaji wa golden retriever, mstari wa mbele akiwa Winifred Charlesworth, mwanamke aliyewapigania mbwa hawa kwa ukali ambao wao wenyewe hawanao. Hakuna anayedai kwamba kuundwa kwa chama hicho na kuhamishwa kwa Wamaasai ni mambo yaliyosababishana. Ni mambo yaliyopita mikononi mwa watu wa tabaka moja: watu walioweza kuandika asili ya mbwa hadi kizazi cha sita na wakati huohuo kuamua kwa kalamu asili ya mwenye ardhi isihesabike.

Kutoka porini hadi sebuleni

Jina tunalolijua leo lilithibitishwa Uingereza mwaka 1920. Kabla ya hapo waliandikishwa kwa majina ya "dhahabu au manjano". Neno manjano likaachwa, na yamkini hakuna uamuzi wa kibiashara uliowahi kumfaa mbwa kuliko huo. Chama cha mbwa cha Marekani, American Kennel Club, kiliwatambua mwaka 1925, lakini kwa miaka mingi walibaki mbwa wa wawindaji.

Kilichowaingiza sebuleni ni siasa na filamu. Agosti 1974 Rais Richard Nixon alijiuzulu kwa kashfa ya Watergate, na Gerald Ford akairithi Ikulu isiyoaminiwa na mtu. Miezi michache baadaye familia yake ilipokea kilebu wa golden retriever, akaitwa Liberty. Septemba 1975 Liberty alizaa watoto tisa mumo humo Ikulu, na picha zake akiwa na Rais zikaenea kote. Si lazima mtu awe mdadisi mkubwa wa siasa kutambua faida ya picha kama hizo kwa serikali iliyohitaji kuonekana safi. Filamu za miaka ya 1990, mathalani Air Bud ya mwaka 1997 kuhusu mbwa anayecheza mpira wa vikapu, zikakamilisha kazi.

Isidhaniwe kwamba sifa zake ni za picha tu. Vyama vinavyofunza mbwa wa kuwaongoza vipofu, Uingereza na kwingineko, hupenda kumchanganya golden retriever na labrador. Bretagne, jike aliyekuwa miongoni mwa mbwa waliotafuta manusura katika vifusi vya New York baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, aliendelea uzeeni kuwatembelea wanafunzi wa shule ya msingi huko Texas, ambao walimsomea vitabu. Alifariki Juni 2016 akiwa na umri wa miaka 16, na wazimamoto wakajipanga kumpigia saluti.

Je, haya yote yamo katika damu? Waswahili wana methali mbili zinazogombana juu ya jambo hili: mtoto wa nyoka ni nyoka, na umleavyo ndivyo akuavyo. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliokusanya taarifa za zaidi ya mbwa 18,000 na kupima jeni za zaidi ya 2,000 kati yao. Matokeo yalikuwa kwamba aina ya mbwa inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Utiifu kwa maagizo ya binadamu ulionekana kufuata nasaba kuliko tabia nyingine nyingi, jambo ambalo lingempendeza Lord Tweedmouth. Lakini anayemnunua golden retriever akidhani amenunua upole uliohakikishwa kiwandani amekosea hesabu. Methali ya pili inashinda kwa mbali.

Mlango uliofungwa

Daftari lile la nasaba, ambalo ndilo chanzo cha sifa zake, ndilo pia chanzo cha msiba wake. Kilebu hasajiliwi kuwa golden retriever isipokuwa baba na mama yake wamesajiliwa. Mlango umefungwa, damu ngeni haiingii. Tena kila dume anayeshinda maonyesho hupandishwa kwa majike wengi, na kasoro yoyote anayoibeba humwagika katika kizazi kizima.

Uchunguzi uliofanywa na chama cha wafugaji wa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba takriban asilimia 60 ya mbwa hawa nchini humo hufa kwa saratani, hasa ya mishipa ya damu na ile iitwayo limfoma. Uchunguzi wa Uingereza wa mwaka 2004 ulipata karibu asilimia 39, kiwango kilicho cha chini zaidi lakini kisicho cha kujivunia. Mwaka 2012 wakfu wa Morris Animal Foundation ulianza kuwafuatilia zaidi ya golden retriever 3,000 wa Marekani kwa maisha yao yote, ukirekodi chakula, maji, dawa na maradhi yao kila mwaka. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitangaza kwamba namna fulani ya jeni ya HER4 iliambatana na tofauti ya karibu miaka miwili ya maisha miongoni mwa mbwa wa aina hii. Kwa mnyama ambaye kwa kawaida huishi miaka 10 hadi 12, miaka miwili si kidogo.

Maoni ya mwandishi huyu ni kwamba wafugaji wa Ulaya na Marekani wanalijua tatizo hili vyema kuliko wanavyolikiri. Kuufungua mlango na kuingiza damu mpya kungepunguza maradhi, lakini kungewalazimu wakubali vilebu wasiofanana na picha iliyo kwenye kalenda. Hadi sasa picha imeshinda.

Hapa kwetu, Mkenya wa kawaida alimfahamu mbwa kwanza kupitia kibao cha langoni kisemacho "Mbwa Kali". (Sarufi ingetaka mbwa mkali, lakini hata mhariri huvuka barabara kwanza kabla ya kukisahihisha kibao hicho.) Golden retriever hakutengenezwa kwa lango hilo. Mwizi akiingia, yamkini atalakiwa. Siku hizi vilebu wa aina hii hutangazwa mitandaoni mijini, na wanunuzi wengi ni wazazi wanaomtafutia mtoto rafiki. Hilo si kosa, ila wayafahamu mambo machache. Dume aliyekomaa hufika kilo 30 na zaidi, na bila kutembezwa kila siku hunenepa na viungo vikaharibika. Manyoya yake ya tabaka mbili yalikusudiwa maji baridi ya Uskoti. Limuru atastahimili, Mombasa na Kisumu ni adhabu. Kupe hujificha humo wasionekane hadi homa imeingia.

Lililo zito zaidi ni nyonga. Aina hii hukabiliwa na kasoro ya kurithi ambapo kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa katika tundu lake, na mbwa huanza kuchechemea akiwa bado kijana. Kasoro hiyo haionekani kwa macho kwa kilebu wa wiki nane. Huonekana kwa picha ya eksirei ya wazazi wake, inayopigwa wakiwa wametimiza mwaka mmoja au miwili, na hospitali za mifugo zenye mashine hizo zipo Nairobi. Mnunuzi ana haki ya kuitaka picha hiyo, na ya kuuliza babu na bibi wa kilebu walikufa wakiwa na umri gani na kwa ugonjwa upi, kabla ya kutoa hata shilingi moja.